Kuongezewa damu au vidonge vya madini ya chuma?

Mgonjwa akiambiwa damu yake imepungua, swali huwa lile lile: aongezewe, au vidonge vinatosha?

Kwa kasi, damu haina mpinzani. Mfuko mmoja hupandisha himoglobini (kibeba oksijeni ndani ya damu) ya mtu mzima kwa takriban gramu 1 kwa desilita, siku hiyo hiyo. Vidonge huchukua wiki kadhaa.

Kwa usalama, vidonge vinashinda: kero zake ni kichefuchefu, kufunga choo, na choo cheusi kinachotisha bure. Damu hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende, lakini kosa la kundi la damu linaweza kuua. Ndiyo maana muuguzi hulinganisha jina la kwenye mfuko na la mgonjwa, kisha humwangalia kwa makini katika dakika 15 za kwanza. Ukihisi baridi, muwasho, maumivu ya mgongo au kubanwa kifua, sema papo hapo. Tafadhali usivumilie.

Anayevuja damu nyingi au kuishiwa pumzi hawezi kungoja vidonge. Aliye imara, himoglobini ikiwa juu ya gramu 7 kwa desilita, mara nyingi anaweza, mradi kilichopungua ni chuma kweli na asiache kuvimeza pindi tu nguvu zinaporudi.