Tathmini ya mpangilio wa makundi ya Usenet, tangu yabadilishwe majina hadi leo

Anayetaka kuijaribu leo bila gharama Usenet, mtandao wa zamani wa makundi ya mijadala ya maandishi, anaweza kujiandikisha kwenye seva ya Eternal September, inayobeba maandishi tu bila mafaili makubwa, kisha akaiunganisha na Thunderbird au programu nyingine ya kusomea. Akiomba orodha ya makundi, atapokea maelfu ya majina, na katikati yake atayaona matawi, yaani vichwa vya majina, ya comp (kompyuta), misc (mengineyo), news (habari za Usenet yenyewe), rec (burudani), sci (sayansi), soc (jamii) na talk (mabishano), pamoja na humanities (fasihi, sanaa na falsafa) lililoongezwa mwaka 1995. Matawi saba ya kwanza yalipangwa kati ya Julai 1986 na Machi 1987, makundi yote yalipobadilishwa majina, na bado yapo palepale. Tathmini hii inauhusu mpangilio huo: unamfaa msomaji kwa kiasi gani, na ulibuniwa kwa faida ya nani.

Usenet ilibuniwa mwaka 1979 na Tom Truscott na Jim Ellis, waliokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani. Kabla ya mabadiliko hayo ya majina, makundi yake yaligawanywa hasa katika mafungu matatu: net, ambamo kila mtu aliandika apendavyo, mod, ambamo kila ujumbe ulipitia kwanza kwa msimamizi, na fa, lililobeba mijadala iliyotoka kwenye ARPANET, mtandao uliotangulia intaneti. Kwa hiyo kichwa cha jina kilimweleza msomaji ujumbe umepita njia gani kabla ya kumfikia, na aliyefuatilia jambo moja, tuseme usalama wa kompyuta, alilazimika kupekua mafungu yote.

Hapo ndipo ninapoona faida kubwa kuliko zote za mabadiliko yale, ingawa wanaosimulia historia hii huipita haraka. Mtu anapotuma ujumbe kwenye kundi lenye msimamizi, seva haiuchapishi, bali huupeleka kwa barua pepe kwa msimamizi, naye akiridhika huongeza juu yake mstari wa idhini na kuurudisha mtandaoni. Huo ni utaratibu wa kazi, nao hauhusiani na mada inayojadiliwa, lakini zamani makundi ya namna hiyo yalitengwa yote chini ya mod, upishi na hatari za kompyuta zikikaa chumba kimoja kwa sababu tu kila moja lilikuwa na mlinzi mlangoni. Toleo la 2.11 la B News, programu iliyosambaza ujumbe wa Usenet, lililotoka mwaka 1986, liliwezesha alama ya usimamizi kuwekwa kwenye kundi lolote, liwe katika tawi lolote. Ndipo mod.risks, jarida la Peter Neumann kuhusu hatari za kompyuta, lilipohamia comp.risks na kukaa jirani na makundi ya fani yake. Kwa msomaji wa leo uamuzi huo ni sahihi kabisa, na sijaona sababu ya kuutengua.

Sehemu nyingine za mpangilio zina harufu ya bili ya simu. Ujumbe ulisafiri kutoka mashine hadi mashine, mara nyingi kwa modemu kwenye laini za masafa marefu, na waliolipa walikuwa vyuo, kampuni na taasisi zilizokuwa na mashine kubwa za njia kuu, yaani zile zilizopitisha sehemu kubwa ya ujumbe. Rick Adams, aliyeisimamia mashine ya seismo iliyounganisha Marekani na Ulaya, alikuwa miongoni mwa waliosukuma mabadiliko haya, kwa kuwa wenzao wa Ulaya hawakutaka kulipia mabishano marefu ya dini na siasa. Hivyo net.abortion ikawa talk.abortion, na ugomvi mwingine mwingi ukakusanywa humohumo. Msimamizi wa mashine aliandika alama ya mshangao mbele ya neno talk katika faili lake la mipangilio, na tawi zima halikumfikia tena. Waliopinga walisema hiyo ni njia ya heshima ya kufungia watu mdomo, nami nadhani hawakukosea sana, ijapokuwa mwenye kulipa naye ana haki ya kuchagua anachobeba.

Kutoridhika huko kulizaa tawi jingine, alt. Brian Reid alikuwa na kundi la mapishi, mod.gourmand, na hakufurahia kuhamishiwa kwenye rec.food.recipes, John Gilmore naye alitaka kundi la kujadili dawa za kulevya, ambalo wakubwa wa njia kuu walilikataa. Mwaka 1987, wakiwa pamoja na Gordon Moffett, walianzisha tawi lisilopitia mikononi mwa wakubwa hao, na baadaye lilijaa kuliko matawi yote. Ukilipekua leo utakuta makundi mengi yaliyoundwa kwa mzaha na kuachwa siku hiyohiyo, na hapo ndipo ukali wa matawi saba katika kukubali makundi mapya unapoeleweka.

Katika matumizi ya kila siku, majina yanasomeka vizuri: mtu aliyeona soc.culture.african hakuhitaji kuelezwa soc.culture.kenya ilihusu nini. Misc ndilo dhaifu, kwa kuwa ni kapu la kila kilichokosa mahali.

Dosari iliyonikera zaidi iko kwenye makundi yenye msimamizi. Baadhi ya wasimamizi wamekwishaondoka, lakini alama ya usimamizi haijaondolewa, na programu haimwonyi mwandishi. Nilituma swali kwenye kundi moja la namna hiyo, seva ikalipokea bila kulalamika, na kundi lenyewe linaendelea kuonyesha ujumbe uleule wa miaka iliyopita. Kabla ya kuandika, angalia tarehe ya ujumbe wa mwisho wenye mstari wa idhini. Kama ni ya zamani, tafuta kundi jirani lisilo na msimamizi katika tawi hilohilo.