Kununua Ploti au Nyumba Kenya: Haki Ipi Ije Kwanza, Ipi Mwisho

Ukienda kuangalia ploti Mtwapa au Kikambala, broka atakuonyesha bikoni, yaani alama za mipaka, atakutajia umbali wa barabara na stima, kisha bei. Ni nadra akuambie unanunua haki gani. Na sheria ya Kenya, iliyorithi misingi yake Uingereza, inatambua haki nyingi juu ya kipande kimoja cha udongo, wala hazilingani. Nimezipanga kwa swali moja, ambalo naliona ndilo kubwa kwa mtu anayenunua mara moja maishani: siku nikifa, nani atabaki na nini?

Nafasi ya kwanza naipa ardhi ya kudumu, wanayoiita frihodi, yenye hatimiliki kwa jina lako. Haina kikomo cha miaka na hurithiwa kizazi hadi kizazi. Ikiwa bado ni shamba la kilimo, mauziano yanahitaji idhini ya bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila idhini, mkataba ni batili. Mgeni haipati: Katiba ya 2010 inamruhusu kupangishwa ardhi kwa muda usiozidi miaka 99.

Hapa pana jambo ambalo wanunuzi hulipita mbio, nalo ni namna ya kuandika majina mkiwa zaidi ya mmoja. Mume na mke wanaweza kuandikishwa kuwa wamiliki wa pamoja. Hapo hakuna mwenye fungu lake. Mmoja akifariki, aliyebaki anachukua yote kwa kupeleka cheti cha kifo kwa msajili, bila kesi ya urithi. Njia ya pili ni umiliki wa hisa: kila mmoja ana fungu linalojulikana, nusu au thuluthi, na fungu la marehemu huenda kwa warithi wake. Tangu Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, umiliki mpya wa pamoja ni wa wanandoa tu, ila kwa ruhusa ya mahakama. Ndugu watatu wakijiandikisha hivyo, watahesabiwa kuwa wamiliki wa hisa. Na msipoandika chochote, sheria huchukulia mafungu yenu ni sawa, hata kama mmoja alitoa laki nane na mwenzake laki mbili. Nawasihi ndugu na vyama: andikeni mafungu mapema, mkiwa bado mnapendana. Mjue pia kwamba mwenye hisa hawezi kumuuzia mtu wa nje bila idhini ya maandishi ya wenzake, ingawa nao hawaruhusiwi kumnyima bila sababu ya haki.

Kwetu Pwani swali hili lina uzito zaidi. Mwislamu anayetaka mali yake igawanywe kwa mirathi ajue kwamba nyumba ya umiliki wa pamoja haiingii humo. Mama wa marehemu na binti zake hawapati fungu lao hapo. Mimi na mke wangu tuliandika hisa, kwa kuwa mama yangu yu hai.

Ya pili ni lisihodi, ardhi ya kupangishwa kwa miaka, ambayo ndiyo utakayoikuta sana mijini. Uliza imebaki miaka mingapi. Iliyotolewa mwaka 1950 kwa miaka 99 inakwisha 2049, na mtoto anayesoma darasa la kwanza leo hatakuwa ametimiza arobaini. Raia aliyekuwa akiishikilia hupewa nafasi ya kwanza ya kupangishwa tena, ikiwa ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma, lakini nafasi hiyo si ahadi. Dai pia stakabadhi za kodi ya ardhi ya serikali kuu na za ada za kaunti.

Fleti naiweka ya tatu. Chini ya Sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti (Sectional Properties Act) unapata hati ya fleti yako pamoja na fungu katika ngazi, maegesho na kiwanja. Usipoonyeshwa hati ya namna hiyo, usilipe.

Ya nne inaniuma kuiandika, kwa sababu nimelelewa ndani yake: nyumba bila ardhi. Kwa sheria ya Kiingereza jengo hufuata udongo, yaani mwenye ardhi ndiye mwenye jengo. Lakini Mombasa, katika mitaa kama Majengo na Kisauni, watu wamejenga juu ya ardhi ya wengine na kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi, nyumba ikahesabika yao, na ardhi ikabaki ya mwenye kiwanja. Sehemu ya mzizi wake ni sheria ya 1908 ya hati za ardhi za Pwani: aliyepeleka dai lake akakubaliwa alipata hati, asiyedai akabaki mikono mitupu. Nyumba hizi huuzwa kwa bei inayovutia. Lakini mwenye ardhi akiuza, umepata bwana mpya, na benki haitakukopesha kwa kuta zisizo na hati. Ukilazimika kununua, mwenye ardhi mwenyewe atie sahihi.

Mwisho kabisa ni barua ya ugawaji, yaani barua ya serikali ya kumpa mtu ardhi kabla hajapata hati, na cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, kinachoonyesha una fungu katika kampuni iliyonunua shamba kwa niaba ya wanachama. Mwaka 2023, katika kesi ya Torino, Mahakama ya Juu ilisema barua ya ugawaji si hatimiliki.

Mwaka huohuo mahakama hiyo iliamua kesi ya Dina Management, kuhusu ploti ya Nyali iliyopita mikono kadhaa. Mnunuzi alikuwa na hati, akapoteza, kwa sababu ardhi ilitolewa kimakosa tangu mwanzo: ilikuwa uwanja wa wazi wa umma. Kwa hiyo sachi, yaani kukagua kwa msajili jina la mwenye hati leo, haikutoshi. Mwambie wakili afuatilie faili hadi mgao wa kwanza, nawe nenda ofisi ya mipango ya kaunti uulize ramani ya zamani inaonyesha nini mahali hapo.