Google Flights kwa msafiri wa Mbeya anayetafuta nauli nafuu ya kwenda Mauritius

Kwa mkazi wa Mbeya anayetaka kwenda Mauritius, nauli haianzii Dar es Salaam. Inaanzia Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, au kituo cha mabasi kwa anayeamua kwenda Dar kwa barabara, na huduma yoyote ya kutafuta tiketi haina budi kupimwa kwa kigezo hicho. Nimeitumia Google Flights kumpangia mdogo wangu na mkewe safari ya fungate, na naiona kuwa bora sana katika kutafuta siku yenye nauli ya chini, ingawa haitoshi kumwamulia mtu mahali pa kuanzia safari.

Nguvu yake kubwa iko kwenye kalenda. Ukishaandika uwanja wa kuondokea na wa kufikia, kisha ukabofya sehemu ya tarehe, kila siku hujitokeza na bei yake chini yake, na bei za chini huandikwa kwa rangi ya kijani, hivyo kwa dakika chache unatambua kwamba kusogeza safari kutoka Ijumaa hadi katikati ya wiki kunaweza kupunguza gharama bila kubadili kitu kingine chochote. Mwenye tarehe zisizobadilika anaweza kuwasha ufuatiliaji wa bei, akawa anapokea barua pepe nauli inapopanda au kushuka. Ieleweke tu kwamba Google Flights haiuzi tiketi. Hukupeleka kwenye tovuti ya shirika la ndege au ya wakala, na bei ya kuaminiwa ni ile inayoonekana huko wakati wa kulipa.

Kalenda hiyo inamfaa zaidi anayeelewa misimu ya kisiwa chenyewe. Desemba na mwanzoni mwa Januari watalii wa Ulaya hufurika Mauritius na nauli hupanda, ilhali msimu wa vimbunga ni kuanzia Novemba hadi Aprili. Mei, Juni na Septemba ni miezi ya kuanza nayo katika utafutaji. Wapo wanaoogopa kwamba huko Julai ni majira ya baridi. Lakini mchana wa pwani unaofikia nyuzi 24 hivi hauwezi kumtisha mtu aliyezoea baridi ya Julai ya Uyole, Mbeya. Kwa mkulima anayepata fedha baada ya kuuza mahindi, majira hayo yanaangukia pazuri.

Mahali pa kuwa mwangalifu ni uwanja wa kuondokea. Google Flights inaruhusu kuingiza viwanja hadi saba kwa mara moja, na nashauri kulinganisha Songwe, Dar es Salaam na hata Nairobi. Mara nyingi Dar itaonekana rahisi zaidi, lakini bei hiyo haijajumlisha tiketi ya Songwe hadi Dar, au basi la zaidi ya kilomita 800 na uchovu wake, wala malazi ya usiku mmoja, wala usafiri wa kutoka jengo la ndege za ndani hadi Jengo la Tatu la abiria, lililofunguliwa mwaka 2019. Andika gharama hizo zote kwenye karatasi kabla ya kushangilia.

Kubwa zaidi ni suala la tiketi mbili zisizohusiana. Ukungu wa asubuhi ukichelewesha ndege yako Songwe na ukaikosa ile ya kimataifa, shirika la pili halina wajibu wa kukusubiri wala kukutafutia nafasi nyingine, kwa kuwa kwake wewe ni abiria ambaye hakufika. Tiketi moja kutoka Songwe hadi Mauritius, hata ikizidi bei kidogo, hukulinda dhidi ya hasara hiyo. Ikikosekana, lala Dar usiku wa kuamkia safari. Chunguza pia njia: Mauritius iko kusini-mashariki mwetu, kwa hiyo kupitia Nairobi au Johannesburg kunaeleweka, lakini tiketi inayopitia Dubai inakurudisha kaskazini kwanza na kukuongezea saa nyingi za safari. Kichujio cha muda wa safari huziondoa njia za namna hiyo, na kichujio cha mizigo hufichua nauli ambazo unafuu wake umetokana na kutojumuisha begi.

Mawakala wa tiketi wa mjini Mbeya bado wana kazi yao. Hupokea fedha taslimu na malipo ya simu, jambo muhimu kwa asiye na kadi ya benki inayokubalika mtandaoni, na wakala makini anaweza kuona tiketi zinazounganisha mashirika mawili ambazo hazikujitokeza kwenye utafutaji wako. Nenda kwake ukiwa na picha ya kalenda kwenye simu, umwonyeshe tarehe na bei uliyoiona, kisha umwombe akuandikie bei yake pamoja na ada yake, uzito wa mizigo na masharti ya kubadili tarehe.