Saa ya Sinia na Kigoda cha Jahazi: Duka la Sanaa Mji Mkongwe, Bagamoyo

Maduka mengi ya sanaa yaliyo karibu na ufukwe wa Bagamoyo huuza picha zilezile za twiga, machweo na Wamasai watatu warefu. Duka moja dogo lililo katika vichochoro vya Mji Mkongwe, lisilo na bango wala mpiga debe mlangoni, linastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa mafundi wake wanathubutu kufanya mzaha na bado kazi zao zinatumika nyumbani.

Kazi iliyonivutia kuliko zote ni saa ya ukutani iliyotengenezwa kwa sinia la alumini. Fundi ameliacha sinia na mikwaruzo yake ya jikoni, akalitoboa katikati ili kupitisha mashine ya saa ya betri, kisha akazipanga namba upya: sita iko juu kabisa, kumi na mbili iko chini, na moja imekaa pale ambapo saa nyingine huandikwa saba. Jua linapochomoza, mshale mfupi huelekea kumi na mbili, na mtoto wa chekechea anaweza kuisoma saa kama inavyotajwa nyumbani kwao, bila kuongeza wala kupunguza sita. Mshale wa dakika haukuhitaji kubadilishiwa chochote. Mizaha mingi ya kisanii huisha mtu akishacheka mara moja, lakini huu una kazi ya kufanya kila siku, na sioni kwa nini shule zetu za awali zisitundike saa ya namna hii.

Kando yake kuna kigoda cha mbao za jahazi kuukuu. Rangi ya buluu imebabuka, matundu ya misumari yanaonekana, na katika ungio mmoja bado imo pamba ya kalafati, ile inayozibia nyufa ili maji yasipenye. Miguu yake mitatu imechongwa kama nyayo za binadamu, na mmoja umevalishwa kandambili iliyokatwa kutoka kwenye dumu la njano. Nilikikalia kwa tahadhari, nacho hakikuyumba hata kidogo. Utani wa aina hii una ukoo nchini: Edward Saidi Tingatinga alianza mwaka 1968, jijini Dar es Salaam, kuchora wanyama wake wa ajabu kwa rangi ya baiskeli juu ya hadibodi, naye George Lilanga (1934–2005) alijifunza kwanza uchongaji wa Kimakonde ndipo akawapaka rangi kali mashetani wake wenye masikio makubwa. Kwa wote wawili kichekesho kilisimama juu ya mkono uliokomaa, na kigoda hiki kinafuata njia hiyohiyo.

Siwezi kuzisifu taa za madumu. Nyuso zilizokatwa juu yake zinapendeza, ila nyaya zimeungwa ovyo, na plastiki iliyo karibu hivyo na balbu inayopata joto si jambo la kuchezea. Mnunuzi atumie balbu za LED na amwite fundi umeme kwanza. Vishikio vya funguo vilivyojaa karibu na mlango vinapatikana kila mahali, kwa hiyo nilivipita.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba hakuna kazi yenye jina la aliyeitengeneza. Kijana anayeuza anawafahamu mafundi wote, na ukimuuliza atakueleza kwa furaha ni nani kati yao aliyepitia TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza mwaka 1981 ikiwa Chuo cha Sanaa, lakini maelezo hayo yalipaswa kuandikwa kwenye kikaratasi kinachoondoka na mzigo.

Bei hazikubandikwa, na mapatano huendeshwa kwa upole. Saa niliipata kwa shilingi 40,000, nami naona ni bei ya haki. Mwenye sinia lake, hata lililobonyea, anaweza kulipeleka akatengenezewa saa kwa bei ya chini zaidi.