Uzoefu Wangu: Diski za Filamu za Zamani za Treni za Mvuke na Dizeli za Marekani

Mkusanyiko huu wa diski tatu unahusu reli za Marekani kuanzia miaka ya 1940 hadi 1960, kipindi ambacho vichwa vya treni vya mvuke viliondolewa na vya dizeli vikashika nafasi yake. Picha nyingi zilichukuliwa na wapenzi wa reli waliosimama kando ya njia wakiwa na kamera ndogo za filamu za milimita 8 na milimita 16, na chache zilichukuliwa na wafanyakazi wa reli wenyewe. Niliuagiza kwa posta, nikautazama wote, na diski ya pili nimeirudia mara nyingi. Naona inafaa niwaeleze wapenzi wenzangu wa reli hapa Dar es Salaam watakachokipata kwa fedha zao.

Rangi ndiyo itakayowashangaza kwanza. Sehemu kubwa ilipigwa kwa filamu ya Kodachrome, ambayo Kodak iliitoa mwaka 1935 kwa kamera za milimita 16 na mwaka uliofuata kwa zile za milimita 8, na ambayo ikihifadhiwa gizani hukaa miongo mingi bila kuchujuka. Mabehewa mekundu yamebaki mekundu, na moshi unaonekana kwa madaraja yake yote, kuanzia mweupe wa mvuke safi hadi mweusi wa moto uliolishwa mkaa kupita kiasi. Vipande vichache vilivyonakiliwa kutoka filamu za aina nyingine vimepauka na kubaki na uwaridi usiopendeza, lakini ni vichache kweli.

Jambo la pili ni mwendo, na hapa waandaaji wanastahili pongezi. Kamera nyingi za nyumbani za wakati ule zilipiga picha 16 kwa sekunde. Zikionyeshwa kwa picha 24 bila marekebisho, treni iliyokuwa ikienda kilomita 40 kwa saa huonekana inakwenda 60, na watu wanatembea kama wanaokimbizwa. Katika mkusanyiko huu mwendo umerekebishwa. Ukitaka kuhakikisha, usiitazame treni, mtazame mtu anayetembea jukwaani: hatua zake ni za kawaida.

Sauti, kwa upande mwingine, imenisikitisha. Filamu zenyewe zilikuwa bubu, kwa hiyo kila unachokisikia kimepachikwa baadaye, na katika diski ya kwanza kimepachikwa bila uangalifu. Kichwa cha kawaida cha mvuke chenye silinda mbili hupumua mara nne kila gurudumu kubwa linapozunguka mara moja, na mipumuo hiyo huonekana wazi kwenye bomba la moshi. Sasa, kuna mahali treni ndefu ya mizigo inaondoka taratibu, magurudumu yanajivuta, huku masikioni unasikia mipumuo ya treni iliyokwisha kushika kasi. Baba yangu mkubwa, aliyewahi kuwa mchochea moto kwenye vichwa vilivyotumia mafuta mazito, aliniomba nizime sauti kabisa, na tangu hapo diski hiyo tunaitazama kimya. Uzembe huu haukuwa wa lazima, kwa sababu sauti halisi za kipindi kile zipo: mpiga picha O. Winston Link, kwa mfano, alipokuwa akipiga picha treni za kampuni ya reli ya Norfolk and Western kati ya mwaka 1955 na 1960, alizirekodi pia sauti zake kwenye kanda.

Diski ya pili ndiyo moyo wa mkusanyiko. Inaanza na vichwa vya mvuke vya Big Boy vya kampuni ya reli ya Union Pacific, vilivyokuwa 25 kwa jumla, vilivyojengwa na American Locomotive Company mjini Schenectady kati ya mwaka 1941 na 1944 ili vivute mizigo katika milima ya Wyoming na Utah. Msomaji anayezikumbuka Garratt za daraja la 59, vile vichwa 34 vya mvuke vilivyofanya kazi kati ya Mombasa na Nairobi, ataona mara moja tofauti ya ujenzi. Katika Garratt boila hukaa katikati ya mafungu mawili ya magurudumu, ilhali katika Big Boy boila moja ndefu imelala juu ya mafungu yote mawili, na kila fungu lina magurudumu manane ya kusukuma. Kwenye kona unaona fungu la mbele likifuata reli na boila likijitokeza nje ya njia, na hilo hakuna picha ya mnato inayoweza kulieleza vizuri.

Lakini kilichonifanya nirudie diski hiyo ni kazi za watu. Kuna sehemu ndefu iliyopigwa karakanani, ambako wanaume wanamwaga majivu, wanajaza maji, wanapakia mkaa na kupaka grisi kwenye viungo vya fito zinazozungusha magurudumu, na unaelewa kwamba kichwa kimoja cha mvuke kilikuwa na kijiji kizima nyuma yake. Baadaye kinaingia kichwa cha dizeli, mtu mmoja anaunganisha mpira wa mafuta, na baada ya muda mfupi kinaondoka. Msimulizi anaeleza jinsi kampuni ya Electro-Motive ilivyozungusha dizeli yake ya FT kuanzia mwishoni mwa mwaka 1939, vipande vinne vyenye jumla ya nguvu za farasi 5,400 vikiendeshwa na dereva mmoja, na vikapita zaidi ya maili 83,000 katika reli za kampuni mbalimbali. Takwimu hizo ni nzuri kuzijua, ila ile karakana inayopungukiwa na watu ndiyo inayokuonyesha kwa nini Norfolk and Western, iliyosafirisha makaa ya mawe na kujenga vichwa vyake yenyewe mjini Roanoke, nayo iliachana na mvuke mwaka 1960.

Diski ya tatu ni dizeli tupu, treni moja baada ya nyingine, bila kutajwa mahali wala mwaka. Hata sisi tuliozoea dizeli za TAZARA, reli ambayo haikuwahi kutegemea mvuke, tunatamani kuelezwa tunachokitazama.

Maelezo yote ni ya Kiingereza na hakuna maandishi ya tafsiri. Diski zimefungwa kwa soko la Amerika Kaskazini, hivyo deki yangu ilizikataa na nikalazimika kutumia kompyuta. Fundi mmoja wa Kariakoo aliniambia kwamba deki nyingi zinaweza kufunguliwa kizuizi hicho, basi ulizeni kabla ya kuagiza. Diski zinauzwa pia mojamoja. Mwenye fedha ya kutosha diski moja tu achukue ya pili, na kama ana mzee nyumbani aliyefanya kazi karakana ya Morogoro au Tabora, amketishe karibu wakati wa sehemu ya karakana na awe tayari kusimamisha picha kila mara, kwa sababu ataulizwa na kuelezwa mengi ambayo msimulizi hakuyasema.