Stika za jeli za kupima misuli: kiangazi cha Tabora kimezishinda

Mwezi wa nane nilianguka na pikipiki, mkono wa kulia ukavunjika. Hogo lilipotolewa, msuli ulikuwa umenywea kabisa. Mimi ni fundi simu, nikasema ngoja nijipime mwenyewe: nikaagiza kutoka Dar kihisi cha misuli, yaani kifaa kinachosoma umeme mdogo ambao msuli hutoa ukikazwa, pamoja na pakiti ya stika 50 za jeli za kuudakia umeme huo kwenye ngozi.

Siku ya kwanza raha tupu. Stika mbili juu ya msuli, ya tatu kwenye mfupa wa kiwiko. Nikikunja ngumi, mstari kwenye laptopu unaruka, nikilegeza, unalala. Mama watoto akauliza hiyo bei ya nini inapanda na kushuka.

Jeli yenyewe ni maji ya chumvi yaliyonaswa ndani ya wavu wa nyuzi laini mno. Chumvi ndiyo inayopitisha umeme, na maji yakikauka hakuna kinachopita. Sasa mwezi wa kumi huku kwetu hata midomo inapasuka, nami pakiti niliiacha wazi mezani! Siku ya tano stika zimekauka kama ganda la embe, mstari unatetemeka hata mkono umelala. Nikalaumu waya, nikauchomelea upya bure. Nilipochomoa chaja ya laptopu ndipo ukatulia kidogo: kumbe mwili hudaka umeme wa ukutani, zile hezi 50 (mitetemo 50 kwa sekunde), na jeli isiposhika ngozi vizuri unajitokeza kwenye mstari.

Tone la maji liliokoa chache. Zilizobaki nimezifungia kwenye kopo la kubana lenye pamba mbichi, na wiki ya tatu hii bado laini. Muuzaji hakuandika neno lolote kuhusu utunzaji.

Kero nyingine: jeli inavutika, sponji iliyoibeba haivutiki, kwa hiyo nikifanya mazoezi ya vidole ukingo unabanduka. Mwaka 2012 watafiti wa Harvard walionyesha jeli inayovutika mara 20 ya urefu wake. Wapo pia wanaochanganya gliserini ili maji yasikimbie, jambo ambalo bibi yangu anayejipaka gliserini miguuni kila kiangazi hahitaji kuelezwa. Stika ya namna hiyo ningeinunua hata kwa bei mara mbili. Hizi nazipa nyota tatu.

Halafu nyoeni malaika kabla ya kubandika. Mimi sikunyoa, na kubandua ile ya kwanza kulinitoa chozi.