Lanolini ya Lansinoh kwa chuchu zenye michubuko: inachotuliza na isichoponya

Siku ya tatu baada ya kujifungua mtoto wangu wa kwanza, chuchu zangu zote mbili zilikuwa zimechubuka, na ya kushoto ilikuwa na mpasuko uliotoa damu kila aliponyonya. Dada yangu aliniletea tyubu ya zambarau ya lanolini ya Lansinoh, yenye mililita 40, nami nimeitumia kwa siku zote arobaini za uzazi.

Lanolini ni mafuta yanayotolewa katika sufu ya kondoo, na humu ndani hamna kitu kingine zaidi yake: hamna manukato, hamna maji. Kwa sababu hiyo haihitaji kufutwa kabla ya kunyonyesha, na hilo lilinifaa kuliko yote, kwa kuwa mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku na kila kufuta ni kuchubua upya. Huhifadhi unyevu wa ngozi, ili mpasuko usikauke na kufanya gaga litakalobanduka mtoto anaponyonya. Ni nzito na hunata, hivyo nililazimika kuilainisha kwanza kati ya vidole, kiasi kidogo tu kama punje ya kunde, ndipo niipake. Huacha madoa ya mafuta kwenye sidiria na kanga, na mwenye mzio wa sufu inafaa ajihadhari nayo.

Hata hivyo, baada ya siku mbili za kupaka, bado nilikuwa nauma meno kila mtoto aliposhika titi. Nilikwenda kliniki ya mama na mtoto, na mkunga, kabla ya kuniuliza nimepaka nini, aliniambia, “Mnyonyeshe nikuone, mama.” Alionyesha kwamba chuchu ilitoka kinywani ikiwa bapa, kwa sababu mtoto alinyonya chuchu peke yake na kuibana kwenye kaakaa. Alinifundisha kumgeuza mtoto tumbo lake liguse langu, pua ielekee chuchu, nisubiri apanue kinywa kama anayepiga miayo, kisha nimlete yeye kwenye titi badala ya kuinama mimi kumfuata. Akishika vizuri, kidevu hugusa titi, mdomo wa chini hubinuka nje, na ile sehemu nyeusi inayozunguka chuchu huonekana zaidi juu ya kinywa kuliko chini. Akishika vibaya, mama hupitisha kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa chake ili aachie, kisha huanza upya. Kumvuta hivi hivi ndiko kunakopasua. Maumivu yalipungua siku hiyo hiyo, na mpasuko ulifunga ndani ya juma moja.

Kwa hiyo naipa alama 3 kati ya 5, na alama zinazopungua si kwa ubaya wa dawa yenyewe. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2014 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba kutopaka chochote, au kupaka maziwa ya mama mwenyewe, kunaweza kufaa sawa na marhamu kama lanolini au hata zaidi, na kwamba kwa wanawake wengi maumivu hushuka na kuwa madogo ndani ya siku 7 hadi 10. Shangazi alikuwa ameniambia hivyo tangu mwanzo: kamua matone machache, paka, acha yakauke kwa hewa, na usiguse chuchu kwa sabuni. Mama ambaye bei ya tyubu hii inamkwaza asione kwamba amemnyima mwanawe kitu.

Tena yapo maumivu yasiyo ya kupakwa lanolini. Maumivu ya kuchoma yanayozuka baada ya majuma ya kunyonyesha kwa raha, hasa mtoto akiwa na utando mweupe kinywani usiofutika, huenda ni fangasi, na hapo mama na mtoto hutibiwa kwa pamoja. Titi likiwa jekundu, gumu na la moto, nawe ukahisi homa na baridi, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, na uendelee kunyonyesha, kwa kuwa maziwa yakibaki ndani hali huzidi kuwa mbaya.